Kungoja Safari Pasipo Kuvunjika Moyo

Somo kwa wasomaji wetu na kwa wainjilisti wa sharika



Zamani mtu wa pwani hii aliyetaka kwenda ng'ambo alingoja upepo. Kusi ilipoanza kuvuma, majahazi yalitweka tanga kuelekea Arabuni. Na kama kusi ilikawia, wasafiri walikaa bandarini, wakashona tanga, wakaziba nyufa za chombo, wala hapana aliyeona haya, maana wote walijua ya kuwa upepo hauna bwana. Siku hizi hatungoji upepo, twangoja karatasi. Na karatasi ikikawia, au ikija na neno la kukataa, mtu huona haya kama mwizi aliyekamatwa, akajificha asionwe na majirani.

Haya hiyo, pamoja na huzuni ifuatanayo nayo, ndiyo sababu ya somo la mwezi huu. Katika Tegeta na mahali palipo karibu nayo, Boko, Bunju, Kunduchi na Mbezi, wako wengi wanaojiandaa kuhamia nchi nyingine. Mmoja ataka kusoma, mwingine ameitwa kazini, mwingine amfuata mume au mke aliyetangulia. Twaona jinsi wanavyoanza kwa furaha. Twaona pia jinsi furaha hiyo inavyokauka baada ya mwaka mmoja wa kwenda ofisini na kurudi mikono mitupu. Basi na tujifunze pamoja: moyo wa matumaini ni nini, hupotea kwa njia gani, na mtu aweza kuulindaje.

1. MFANO WA MAMA MUUGUZI

Na tuanze kwa mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya kujifunza tu.

Tuseme yuko mama mmoja, muuguzi, akaaye Tegeta chini ya kilima cha Wazo, penye kiwanda cha saruji. Mumewe ni fundi wa umeme, nao wana watoto watatu. Wamesikia ya kuwa Ujerumani yahitaji wauguzi, wakapatana kwamba mama atatangulia, kisha wengine watafuata. Wakahesabu: mwaka mmoja utatosha. Wakawaambia wazazi, wakamwambia mchungaji, na habari ikaenea mtaa mzima.

Kizuizi cha kwanza kilitoka katika sanduku lake mwenyewe. Cheti chake cha kuzaliwa, kilichofuata kile cha ubatizo, chamwita Elisabeth kwa herufi s, kama walivyoandika wamisionari wa Kijerumani. Cheti cha shule chamwita Elizabeth kwa z. Na kitambulisho cha taifa kimeacha jina la babu. Kwa jirani zake wote huyo ni mtu mmoja. Kwa karani akaaye Berlin hao ni watu watatu. Akazunguka miezi minne kati ya wakili, ofisi ya RITA na ofisi ya NIDA, hata majina yakapatana.

Kizuizi cha pili kilikuwa lugha. Alijifunza Kijerumani usiku baada ya zamu, akaenda kufanya mtihani wa daraja la B2. Mtihani huo una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. Na katika kila sehemu yampasa mtu apate alama 60 katika 100. Akafaulu sehemu tatu. Katika kusema akapata alama 54.

Kizuizi cha tatu kilikuja kwa barua. Wale wapimao elimu ya wageni huko Ujerumani walimwandikia ya kuwa mafunzo yake hayakulingana yote na mafunzo ya huko. Aliposoma barua hiyo alilia, maana siku ile ile mtu alikuja kuuliza bei ya kiwanja chao cha Bunju, walichokusudia kukiuza kwa ajili ya nauli. Mumewe akasema, "Mama watoto, labda safari hii si yetu."

Je, safari hii si yao? Tusijibu kwa haraka.

2. SI KILA KIZUIZI NI CHA NAMNA MOJA

Mtu aliyechoka huvifunga vizuizi vyote katika mzigo mmoja, akauita kwa jina moja: "Nimekataliwa." Mzigo huo humwelemea, kwa kuwa hajui aanze kuushika wapi. Lakini tukiufungua twaona vizuizi vya namna tatu, na kila namna yataka moyo wake na kazi yake.

Namna ya kwanza ni jambo lililopungua, ambalo laweza kutimizwa. Yote matatu ya mama yule ni ya namna hii. Jina hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili, au kwa hati ya kubadili jina inayosajiliwa serikalini. Mtihani wa B2 wa Goethe-Institut umegawanywa hivi kwamba mtu aliyeanguka katika sehemu moja aweza kuirudia sehemu hiyo peke yake. Basi mama yule hakuanguka katika Kijerumani, amebakiwa na robo moja ya kazi. Na ile barua iliyomliza si mwisho wa njia kwa sheria ya Ujerumani. Humwonyesha muuguzi ni mafunzo gani yaliyopungua, kisha aweza kuyatimiza ama kwa mazoezi ya kazi chini ya uangalizi, ama kwa mtihani wa kupima maarifa yake. Wauguzi wengi waliosoma katika nchi za mbali hupata kwanza barua ya namna hii. Aisomaye kama hukumu ataliwa na huzuni. Aisomaye kama orodha amekwisha kupata kazi ya kesho asubuhi.

Hali kadhalika barua ya kunyimwa viza. Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen, zikimnyima mtu viza ya muda mfupi, humpa karatasi yenye sababu zilizotiwa alama. Wengi huikunja karatasi hiyo pasipo kuisoma, kwa uchungu. Yatupasa kuisoma neno kwa neno, pamoja na mtu ajuaye lugha ile, na kuuliza: Je, fedha zangu hazikuonekana? Je, sababu ya safari yangu haikueleweka? Je, wana shaka kama nitarudi? Maana mtu aombaye mara ya pili kwa karatasi zile zile hujitafutia jibu lile lile.

Namna ya pili ni ukawiaji usio mkononi mwa mtu. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, balozi za Marekani duniani zilisimamisha kazi ya kawaida ya kutoa viza. Aprili mwaka ule Tanzania nayo ikasimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje, ikazifungulia tena mwezi wa Mei. Watu waliokwisha kufunga mizigo waliketi juu ya mizigo yao. Hapo hapakuwa na karatasi iliyopungua wala mtu aliyekosa. Mfano mwingine ni ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1990. Viza zake hazikuzidi 55,000 kwa mwaka, nao waliochaguliwa walikuwa wengi kuliko viza zenyewe. Kwa hiyo aliyechaguliwa hakuwa amepewa viza, ila amepewa nafasi ya kuiomba. Na wako ambao mwaka uliisha kabla zamu yao haijafika. Katika mambo kama haya mtu asijihukumu. Kazi yake ni kukaa tayari.

Namna ya tatu ni mlango uliofungwa kweli. Sheria imebadilika, au mwajiri ameufuta mkataba, au umri uliotakiwa umepita. Hili nalo hutukia, wala hatufai kitu tukisema halipo. Tutalirudia hapo mbele.

Basi, ndugu, neno la kwanza kwa mtu aliyevunjika moyo lisiwe "jipe moyo". Neno la kwanza liwe: "Kizuizi chako ni cha namna gani?"

3. KRAPF, AMBAYE NJIA YAKE ILIFUNGWA

Na tuwatazame watu wawili wa siku za kale, ambao safari zao hazikwenda kama walivyokusudia.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani, akalelewa katika kanisa la Kilutheri, kisha akatumwa na CMS, chama cha misioni cha Uingereza. Nia yake haikuwa kuja pwani yetu. Alitaka kwenda kwa watu waitwao sasa Waoromo, kwa njia ya Ethiopia. Mwaka 1838 alifukuzwa katika Tigray. Akaingia kwa njia nyingine hata nchi ya Shoa, akakaa huko tangu 1839 hata 1842. Akatoka kwenda Misri kumwoa mchumba wake, Rosine, na waliporudi wakaona njia ya Ethiopia imefungwa kwao. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini, akafa. Ndipo walipogeukia bahari. Januari 1844 Krapf alifika Unguja, akapewa na Sayyid Said barua ya kumtambulisha, wakaenda kukaa Mombasa. Julai ya mwaka ule ule Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa pia.

Hata kabla ya msiba huo Krapf alikuwa amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili na kujaribu kukiandika, akaendelea nayo kazi hiyo baada yake. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Tübingen. Na kamusi yake kubwa ilitolewa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kila atengenezaye kamusi ya Kiswahili hata leo anayo sababu ya kukumbuka kazi ile.

Lakini tuangalie tusiusome mfano huu vibaya. Wako wasemao ya kuwa kila hasara hulipwa kwa faida iliyo kubwa kuliko hasara yenyewe. Krapf hakulipwa mke wake wala watoto wake, wala hakupata kuweka misioni kwa Waoromo aliowatamani. Twajifunza kwake neno dogo, tena la kweli zaidi: mahali alipozuiliwa palikuwa na kazi, naye akaifanya. Hakusema, "Nitaanza kuishi nitakapofika." Akijitafutia njia ya kwenda bara, alijifunza lugha ya pale alipokuwapo.

Wainjilisti wetu watamkumbuka na Mtume Paulo, aliyetamani miaka mingi kufika Rumi, akazuiliwa. Waraka wake kwa Warumi aliuandika kabla hajafika. Kama angaliweza kusafiri upesi, labda waraka ule usingaliandikwa.

4. MTORO BIN MWINYI BAKARI, AMBAYE HAKURUHUSIWA KUSHUKA

Mtu wa pili ni jirani yetu katika barabara hii ya Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alikuwa Mwislamu, mtu wa elimu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa kimetoka katika kalamu yake.

Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani, na mwaka 1905 akataka kurudi nyumbani pamoja naye. Chombo kilifika Dar es Salaam. Lakini wenye serikali ya Kijerumani waliotawala nchi siku zile hawakukubali washuke pamoja, kwa sababu mume ni Mwafrika na mke ni Mzungu. Mtu aliona mji wa pwani yake kwa macho, asiukanyage na mkewe. Wakarudishwa Ujerumani. Huko aliendelea kufundisha Kiswahili na kuwahutubia watu juu ya nchi yake, akafa Berlin mwaka 1927.

Huo ulikuwa mlango uliofungwa kweli, tena ulifungwa kwa udhalimu. Kwa mfano huu twajifunza mambo mawili. La kwanza, yatupasa kuuita udhalimu kwa jina lake. Mtu aliyezuiliwa kwa udhalimu asiambiwe ya kuwa hakujiandaa vema, wala imani yake ni haba. Hakupungukiwa kitu, waliomzuia ndio waliopungukiwa. La pili, mlango mmoja waweza kufungwa, lakini maarifa yaliyo ndani ya mtu hayafungwi nao. Mtoro alizuiliwa asikae na mkewe katika nchi yake, wala hapana aliyeweza kumzuia asiifundishe lugha yake.

5. MOYO WA MATUMAINI NI NINI?

Sasa twaweza kujibu. Moyo wa matumaini si desturi ya kusema kila kitu ni chema. Mtu asemaye hivyo wakati barua ya kukataliwa i mkononi mwake hujidanganya, na watoto wake wajua ya kuwa anadanganya. Moyo wa matumaini ni kuona jambo kama lilivyo, kisha kuuliza: sehemu yangu ya leo ni ipi? Akiipata aifanye, na iliyobaki aiache mikononi mwa Mungu.

Watu wa Tegeta waujua mfano wa saruji. Kiwanda cha Wazo kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na nyumba nyingi za mji huu zimejengwa nayo. Mfuko wa saruji ukiachwa sakafuni wakati wa masika, hunyonya unyevu, ukaganda ungali mfukoni. Hauna kazi tena ila kutupwa. Lakini saruji iliyochanganywa na mchanga, kokoto na maji, ikamiminwa kuwa nguzo, nayo hungoja. Fundi haweki dari juu yake siku ile ile. Huimwagilia maji kila siku, siku saba au zaidi, nayo yazidi kupata nguvu kwa muda wa majuma mengi. Mfuko na nguzo vyote viwili vyangoja. Nguzo yangoja ikimwagiliwa maji.

Basi maji ya kumwagilia ni nini kwa mtu angojeaye safari? Ni kazi ya kila siku iliyo ndogo, ambayo karani ye yote hawezi kuizuia. Mama yule asome Kijerumani nusu saa kila siku, tena aseme kwa sauti, maana sehemu ya kusema ndiyo iliyomwangusha. Aendelee na kazi yake ya uuguzi kwa bidii, kwa kuwa kila mwezi wa kazi humwongezea ujuzi, tena aweza kuuonyesha kwa barua ya mwajiri.

Na karatasi zake azipange kwa akili. Wengi huanza na zile zinazopatikana upesi, kumbe ndizo zinazooza upesi. Kanuni yetu ni hii: anza na zisizooza. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote ya mtu. Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule haviishi, basi makosa ya majina yarekebishwe kwanza kabisa. Pasipoti ya Tanzania kwa mtu mzima hudumu miaka 10, lakini nchi nyingi hutaka iwe imebakiwa na miezi 6. Jibu la mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS huhesabiwa kuwa halali miaka 2. Uingereza yawataka watu wa nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, walete cheti cha kipimo cha kifua kikuu wakitaka kukaa zaidi ya miezi 6, na cheti hicho hudumu miezi 6 tu. Aliyekitafuta mapema kuliko vyote atakilipia mara mbili.

6. MAMBO YA KUJIHADHARI

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hatujui mithali inayowafaa wasafiri kuliko hii.

Kwanza, kiwanja. Mtu asikiuze kiwanja wala nyumba kabla viza haijapigwa katika pasipoti yake. Bei ya ardhi ya Bunju leo si ile ya miaka kumi iliyopita, wala haitakuwa hii miaka kumi ijayo. Aliyeuza hawezi kununua tena kwa bei aliyouzia. Tena kiwanja ni mahali pa kurudi. Mtu aliye na mahali pa kurudi hufanya mashauri yake kwa utulivu; asiye napo hukubali neno lo lote aambiwalo.

Pili, kazi. Mtu asiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ahadi. Ahadi si mkataba, na mkataba si viza.

Tatu, mkopo. Iko mikopo mitaani ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na jina lake latosha kuonya. Safari ikikawia, riba haikawii.

Nne, mawakala. Wako mawakala wa kweli, wenye leseni ya serikali, nao hawakasiriki wakiulizwa leseni yao. Wala si vigumu kwenda katika ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, kuuliza habari za mtu kabla ya kumpa fedha. Akwambiaye, "Lipa leo, nafasi zinakwisha," mwache aende na nafasi zake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza ya kuwa pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri, kazi ilizidi saa za mapatano, na mshahara ulipungua au haukutolewa. Hatusemi watu wasiende. Wako waliokwenda wakarudi salama na kujenga. Twasema mtu asome mkataba wake angali Dar es Salaam, aache nakala kwa ndugu, ajue namba ya ubalozi wetu katika nchi aendayo. Kukawia miezi mitatu kwa kuuliza maswali si hasara. Huenda ukawiaji huo ndio utakaomwokoa.

7. NYUMBANI NA USHARIKANI

Kungoja hakumchoshi mtu mmoja peke yake. Mume wa mama yule naye amechoka, ila hana mtihani wa kuonyesha. Kwa hiyo twawashauri mume na mke waketi mapema, kabla ya kulipa ada ya kwanza, waandike mambo mawili: siku, na kiasi cha fedha. "Tutajaribu hata mwezi fulani, tutatumia fedha kiasi fulani, wala hatutazidi." Siku hiyo ikifika, waketi tena. Labda wataongeza muda, labda watabadili nchi, labda watabaki. Shauri la kubaki lililofanywa na watu wawili kwa utulivu si kushindwa. Lakini pasipo mpaka ulioandikwa, kila mwezi utamtafuna mtu, na fedha za karo ya watoto zitakwenda kwenye karatasi.

Watoto nao waambiwe kweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto aliyeambiwa mara nne kwamba mama ataondoka mwezi ujao hujifunza kutomwamini mama. Afadhali aambiwe: "Twangoja jibu. Hatujui siku. Likija, wewe utaambiwa siku ile ile."

Na ninyi wainjilisti, mna kazi yenu. Mtu angojaye asiulizwe kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, "Utaondoka lini?" Yeye hana jibu, na kila akiulizwa huona haya tena. Aulizwe, "Masomo yanaendeleaje?" Swali hilo aweza kulijibu. Msimfanyie ibada ya kumuaga kabla hajawa na viza na tiketi. Na kama ameagwa kisha akazuiliwa, mwiteni kwa jina, mmpe kazi ya kufanya usharikani kama wengine, ili ajue kwamba kiti chake bado ni chake. Msimwambie upesi ya kuwa ni mapenzi ya Mungu asiende, maana hamkuambiwa. Wala msimwambie ya kuwa angalikuwa na imani angalipata, maana neno hilo ni ukatili. Kaeni naye, isomeni barua pamoja naye, kama yuko ajuaye lugha ile.

Turudi kwa mama yule. Kiwanja cha Bunju hawajakiuza. Mumewe alimwambia mnunuzi asubiri, naye akaenda zake. Barua ya Ujerumani imebandikwa ukutani jikoni, na kila fungu lililotimizwa wamelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mtihani wa kusema ataurudia. Jioni mtoto mkubwa humshikia kitabu, akimwuliza maswali kwa Kijerumani asichokielewa, wakacheka wote wawili. Kama atakwenda, hatujui. Lakini nyumba ile haingoji tena gizani.

MASWALI YA KUJIFUNZA

Mwinjilisti awaulize watu maswali haya, akiwapa nafasi ya kujibu wenyewe:

1. Vizuizi vya safari ni vya namna ngapi? Taja mfano wa kila namna kutoka mtaa wenu.

2. Krapf alipozuiliwa alifanya kazi gani? Je, alilipwa hasara yake yote?

3. Kwa nini si haki kumlaumu Mtoro bin Mwinyi Bakari kwa kuzuiliwa kwake?

4. Ni karatasi zipi zisizooza, na zipi zioozazo upesi? Tazama zako mwenyewe.

5. Katika usharika wetu yuko nani aliyeagwa asiondoke? Juma hili nani atakwenda kumwona, naye atamwambia nini?

Swali la tano lisijibiwe kwa mdomo tu. Kabla watu hawajatawanyika, mtu mmoja atajwe, na siku ya kwenda iwekwe.